Lori Lisilo na Dereva

Nianze na ukweli: shemeji yangu simpendi. Alipokuja kumposa dada yangu nilipinga hadi sauti ikakauka, na yeye hajasahau. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, na ulimi wake unachoma kuliko moto wake. Mteja akimletea geti lililochomelewa kwingine, humuuliza, "Aliyekufanyia hivi ulimkosea nini?" Chai anaipoza mpaka imekufa ndiyo anywe, na kila chombo karakanani kwake anakitafuta kwa matusi.

Basi wakaja watu wa sinema. Walitaka shemeji aligeuze lori langu la mchanga kuwa lori la miaka mia ijayo. Mchoraji wao, bwana wa viatu vyeupe, akakunjua mchoro: pua imechongoka, milango hakuna, madirisha hakuna.

"Zama hizo malori yatajiendesha," alisema.

Langu halikujua kujiendesha. Kwa hiyo mimi ningefichwa ndani, nikichungulia kwenye ufa mwembamba. Ningeingilia juu, kisha bati la paa likazwe kwa nati. Na hapo nipite katikati ya moto.

"Akitaka kutoka?" shemeji akauliza.

"Tutamfungulia."

"Lori likizimika motoni, atapanda nani kufungua nati?"

"Fundi, huu moto ni wa sinema tu."

"Haya. Uambie basi."

Halafu akanigeukia mimi, kamba mkononi. Akanipima kiuno mbele za watu. "Hili ni tumbo, au kuna mchanga umesahau kuushusha?" Watu wakaangua kicheko. Nilitamani kumzaba kofi, dada akanishika mkono.

Akakata tundu sakafuni, miguuni pangu, akalifunika kwa bati lenye bawaba. Mchoraji alipoliona akafoka. Kamera itapita chini, itaonekana bawaba, sura ya lori itaharibika! Lizibwe, ama aletwe fundi mwingine.

"Sikio la kufa halisikii dawa," shemeji akasema. Akang'oa bawaba, akashusha kinyago chake, akaliziba tundu. Nami nikafurahi kumwona amenywea. Hata sikujiuliza lile tundu lilikuwa la nani.

Siku ya kazi, kabla paa halijafungwa, akaingiza kichwa. "Wewe punda! Mambo yakiharibika, piga teke chini. Punda hana kazi nyingine."

"Punda baba yako," nikamjibu. Nati zikakazwa.

Niliingia motoni vizuri tu. Kumbe ile pua iliyochongoka, waliyoibandika watu wa sinema wenyewe, ilikuwa godoro na mbao vilivyopakwa rangi ya chuma. Ikashika moto. Injini ikakohoa, ikazimika. Moshi ukaingia kwenye ufa, nisione hata mikono yangu. Nikagonga paa. Nikasikia watu wanakimbia, wanapiga mayowe, spana inaanguka, na hakuna wa kupanda, maana bati lilikuwa linaunguza. Jamani, nilimwita mama yangu, na mama alishazikwa zamani. Nilijua nakufa.

Ndipo nikakumbuka lile tusi.

Nikapiga teke. Nikapiga tena, bati likaanguka. Shemeji alikuwa amelishika kwa matone mawili tu ya kuchomelea, kwingine kote ni rangi. Nikajitosa. Tumbo likakwaruzwa pande zote mbili, likapita. Chini ya lori mkono ukanikamata ukosi, ukaniburuta kama gunia hadi mbali.

Alikuwa yeye, nyusi zimeungua. "Nilikuachia nafasi ya kupita bila kukwama!" alifoka. "Umekula nini tena asubuhi?" Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hayakuwa ya moshi. Nikamtukana nikikohoa. Hakuniachia ukosi mpaka dada alipofika.

Msidhani tumepatana. Mpaka leo akija kwangu lazima akague mlango wangu na kuusema vibaya.

Sinema ilipotoka tukaenda kuiona, sisi watatu. Lori likapita motoni likimetameta, baadaye likawaka peke yake. Pale nilipotokea wamepaondoa. Ukumbi mzima ukashangilia, na jamaa mmoja mbele yetu akamwambia mwenzake, "Unaona? Halina mtu ndani."

Shemeji akasimama gizani. "Lina mtu!" akafoka. "Lina mtu, tena ana tumbo!"

Watu wakamzomea akae. Dada akajiziba uso kwa mtandio. Mimi nikasimama kando yake, nikawauliza wanamzomea nani.