Mpunga Uliotundikwa Juu ya Bibi Harusi

Domitila wa Mlabani aliweza kumsamehe mtu aliyemwibia kuku, na wanaomfahamu tangu usichana wanasema aliwahi kumsamehe hata aliyemwibia mchumba. Mtu aliyepamba harusi ikapendeza hakumsamehe.

Kwa miaka mingi nusu ya Ifakara ilioana chini ya maua yake ya tishu. Alijifunza kuyakunja parokiani, akiwa msichana, walipokuwa wakipamba njia ya maandamano ya Ekaristi, na toka siku hiyo hakuongeza kitu wala hakupunguza. Pinki na nyeupe. Tai kwenye viti. Sherehe ikiisha maua yalirudi kwenye kiroba chini ya kitanda, yakalala na dawa ya panya hadi harusi nyingine. Kuna bwana harusi mmoja aliyerudi meza kuu mara ya pili na mke mwingine, akainua macho, akasema, "Haya maua nayakumbuka." Domitila alilipokea hilo kama sifa. Mke mpya hakulipokea hivyo.

Halafu akaja Yunis.

Yunis alikuwa binti mwembamba wa Chita, fundi cherehani, aliyepanga chumba mtaa uleule wa Mlabani, mlango ukitazamana na wa Domitila kana kwamba mwenye nyumba alikusudia ugomvi. Harusi yake ya kwanza kupamba, hakuleta ua hata moja. Alitundika juu ya meza kuu migono, ile mitego ya samaki inayosukwa kwa vijiti, ya zamani, iliyokwisha kuvua, akatia balbu ndani ya kila mmoja. Taa za ukumbi zilipozimwa, mwanga ukapenya kwenye vijiti, ukamwagika juu ya gauni la bibi harusi kama maji ya mto yanapopigwa na jua. Watu waliokuja kwa ajili ya pilau wakasahau pilau.

"Na bwana harusi ni kambale?" Domitila alimnong'oneza jirani yake wa kiti. Jirani hakucheka. Jirani alikuwa anafuta machozi, mjinga yule.

Ilibidi amfuate Yunis nyuma ya ukumbi.

"Shikamoo, Mama Kelestini," Yunis akamwahi.

"Marahaba. Hivi, mwanangu, haya mambo umesomea wapi? Morogoro?"

"Sijasomea, mama. Nilikuwa jikoni kwa mjomba, mgono umetundikwa, taa iko nyuma yake. Nikaona ukuta wote unacheza. Basi."

"Basi?"

"Basi, mama."

Hilo "basi" ndilo lililomkosesha Domitila usingizi. Baba yake mzazi alikuwa mvuvi. Alizaliwa Michenga katikati ya migono, akatambaa juu yake, akachapwa kwa kuivunja. Angekuwa binti wa mwanasheria angejitetea. Lakini migono ilimwona akikua, yote ile, na hakuna hata mmoja uliowahi kumwambia neno. Ikaenda kumnong'oneza mtoto wa Chita.

Kuanzia hapo akaanza kuvitegea vitu masikio. Aliketi mbele ya gurudumu la baiskeli. Aliuangalia ungo. Alisimama kwenye ua wa jirani, akakodolea macho nguo zilizoanikwa, hadi jirani akaanza kuzihesabu. Mumewe, Vitus, mtu wa maneno machache na yote ya kuchokoza, alimkuta siku moja amekumbatia chekeche la unga.

"Mama Kelestini. Limekuambia nini?"

"Limeniambia ukachote maji."

"Basi halikuzidi akili. Ndoo imejaa."

Mavuno yalipokaribia kwisha akaja Leticia, binti wa kaka yake Dionisi, anayeolewa Michenga nyumbani kwao. Alipiga goti, akasalimia vizuri, akanywa chai, akazungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Shangazi, nilikuwa nafikiri Yunis ndiye apambe."

Domitila akatua kikombe. "Aliyekupangusa makamasi ni Yunis?"

"Ni wewe, shangazi."

"Atakayekaa na wewe ndani akufunde ni Yunis?"

"Ni wewe."

"Basi endelea kufikiri."

Leticia akafikiri. Kwao haolewi mtu shangazi akiwa amenuna. Chakula chenyewe hukataa kuiva. "Haya, pamba wewe. Ila ua la tishu sitaki kuliona. Nikiaibika mbele ya wakwe, namwita Yunis palepale, watu wote wakiona. Na wadogo zangu wote watapambiwa na yeye."

Kwa hiyo Domitila alipewa kazi na kitanzi kwa mkupuo mmoja, na kichwani hamkuwa na kitu.

Alifanya anachofanya kila mwenye kichwa kitupu: alichungulia kwa mwenzake. Kupitia mwanya wa pazia aliona Yunis, uani kwake, amezungukwa na mabua ya mpunga yaliyokwisha kupurwa, anayasuka pete kubwa za kutundika. Mabua. Makapi. Kitu ambacho hata ng'ombe hukila akiwa amekata tamaa. Domitila alijisikia mwanga umemwingia, kama wanavyosema wasanii. Kama huyu anapamba kwa mabua, mimi nitapamba kwa mpunga wenyewe.

Dionisi alikuwa na jaruba moja hajavuna, la mwisho katika upande ule wote. Domitila akalikata kwa mkono wake, masuke mazito ya dhahabu, akayafunga mafungu kwa utepe. Asubuhi ya harusi alikuwa ameyatundika kila mahali chini ya turubai: kwenye nguzo, kwenye lango la kuingilia, na juu ya meza kuu akashusha pazia zima la masuke linalogusa migongo ya viti.

Ukweli usemwe hata kama unauma: palipendeza. Upepo ukipita, masuke yalisuguana yakatoa sauti ya mvua ya mbali. Leticia alitoka nje na taulo kichwani, akasimama, akamkumbatia shangazi yake.

Yunis naye alikuja, mwalikwa. Alizunguka taratibu, akashika suke moja, akalipima mkononi.

"Nzuri mno hii, mama."

"Asante, mwanangu."

"Ila, mama, mpunga una punje zake. Na ndege je?"

Domitila akatabasamu kwa huruma. Kumbe hivi ndivyo kinavyoonekana kijicho kikiwa kwa mtu mwingine. Maisha yake yote alikuwa upande wa kuwaonea wenzake kijicho. Leo alikuwa ameonewa yeye, na utamu wake ulishinda soda. "Kunywa soda, Yunis," akamwambia. "Kazi imekwisha."

Maharusi walirudi kutoka kanisani, wakaketi. Keki ikaletwa. MC akawaomba watu watulie, na katika utulivu huo ndipo mlio ukasikika kutoka upande wa mto, kama mchanga unaomwagwa juu ya bati. Wageni wa mjini waligeuka kuangalia gari. Wenyeji hawakugeuka. Wenyeji waliinua vichwa na nyuso zikawabadilika.

Mashamba yote yalikuwa yamekwisha kuvunwa. Punje pekee zilizobaki zimening'inia Michenga nzima zilikuwa juu ya kichwa cha Leticia.

Kweleakwelea, ndege walaji wa mpunga, waliingia kwa lango, wakiwa wengi kama mkosi. Walitua kwenye lango, kwenye nguzo, kwenye pazia, kwenye shela. Mmoja alitua juu ya kilemba cha Domitila akapumzika. Mzee Dionisi, katika suti ya kuazima, alisahau kwamba ni baba wa bibi harusi akakumbuka kwamba ni mkulima: akanyakua andazi, akalirusha kwa shabaha ya miaka yote ya kuamia ndege shambani, na keki ikapoteza ghorofa ya juu. Akina mama wakapiga vifuniko vya sufuria. Padri akapunga kofia. Domitila mwenyewe alikuwa amekwisha kuvua viatu, amepanda juu ya meza kuu, akitoa ukelele aliokuwa akiutoa juu ya dungu la kulindia mpunga akiwa mtoto, mrefu, wa kupasua mapafu, huku mikono ikivuruga hewa. Ndege hawakumjali. Kelele za mpunga wamezizoea.

"Yunis," Leticia akaita. "Njoo."

Hakupiga kelele. Alisema tu, na watu wote waliona.

Yunis akaomba wanawake wamwazime khanga zao, akashusha mafungu, wakayafunika, wakayabeba mbio hadi ghalani. Khanga zilizobaki akazitundika pale pale, zikapishana rangi. Zikawa pambo. Bila shaka zikawa pambo.

Wadogo zake Leticia walipambiwa na nani, hilo halina haja ya kuulizwa. Lakini harusi moja ya Mlabani, baadaye, Domitila alialikwa, akaenda kwa sababu kutokwenda kungeonekana. Juu ya meza kuu walishuka ndege. Ndege wa karatasi za mifuko ya saruji, hudhurungi, wadogo, kundi zima kwenye nyuzi, wengine wametanua mabawa, wengine wanatua. Ukumbi ukashusha pumzi.

MC akamuuliza Yunis alikoipata akili hiyo. Yunis akashika kipaza sauti, akasema, "Kwa Mama Kelestini, pale alipokaa." Watu wakageuka, wakapiga makofi.

"Angalau amekutaja," Vitus akasema.

Domitila aliinua macho. Ndege walewale. Yeye alikuwa karibu nao kuliko mtu yeyote, mmoja alikaa kichwani mwake, na hawakumwambia kitu.

Wakati wa kuondoka alimtia ndege mmoja wa karatasi kwenye mkoba. Kesho yake asubuhi aliketi mlangoni, akamfungua mkunjo baada ya mkunjo, polepole, hadi akabaki na kipande bapa cha karatasi mapajani. Ng'ambo, mlango wa Yunis ulikuwa wazi na cherehani inalia.

Vitus akapita na ndoo. "Imekuambia nini?"

Domitila akasogeza karatasi kwenye mwanga, akasoma maandishi ya kiwanda.

"Inasema iwekwe mahali pakavu."

Akainuka, akaenda kuitia kwenye kiroba chini ya kitanda.