System ilisema ambulance ya Mabamba haina kazi, nikaenda kuona

Wakuu, habari za humu. Hili nimeliona kwa macho yangu, sijasimuliwa. Nimebadili majina tu.

Nafanya kazi ya data kwenye shirika moja linaloendesha ambulance huku Kibondo na Kasulu. Nahusika na dashboard: simu za dharura, safari za magari, mafuta. Mabosi wakishaiangalia ndiyo wanaamua gari gani likae wapi.

Sasa gari la Mabamba, kule mpakani na Burundi, lilikuwa linanichanganya. Simu za dharura karibu hakuna. Safari karibu hakuna. Ila mafuta linakunywa kama linakwenda Dodoma!

Msiniulize GPS. Bajeti.

System ikapendekeza gari lihamie Kasulu mjini. Kikaoni wengine wakaenda mbali zaidi, kwamba dereva, mzee Bihemo, anauza mafuta, asimamishwe.

Bosi wetu, Dr. Neema, akanigeukia. "Wewe ndiye unayeitengeneza hii. Unaiamini?"

"Hesabu ziko sawa, Daktari. Ila sielewi kwa nini watu wa kule hawaumwi."

"Basi nenda kaulize. Sisaini kitu mpaka urudi."

Nikaenda. Pale zahanati ya Mabamba nikamuuliza nesi, Sista Konsolata, mbona hawapigi namba ya dharura. Akacheka.

"Tunapigaje, kaka? Hapa simu inashika mtandao wa Burundi, hiyo namba yenu haitoki. Mgonjwa akizidiwa tunatuma bodaboda kwa mzee Bihemo nyumbani, anakuja."

System yetu inafungua safari pale tu simu inapoingia ofisini. Hakuna simu, hakuna safari. Mzee anabeba wagonjwa kila siku, kwetu anaonekana amelala!

Hatujamaliza kuongea, bodaboda ikaleta mama mjamzito, amebanwa katikati ya dereva na mama mkwe wake. Uchungu tangu jana yake, mtoto hatoki. Mama mkwe analia kwa Kirundi, "Mwana wanje, mwana wanje." Mimi Muha, sikuhitaji mkalimani: mwanangu, mwanangu.

Mzee Bihemo akaitwa, akaja mbio. Nikapanda nyuma na Sista, nikapewa dripu niishike. Barabara mashimo matupu, yule mama kanikamata mkono nikahisi vidole vinavunjika.

Tulipokaribia Kibondo mtandao ukarudi. Nikafungua dashboard kwenye simu. Gari la Mabamba: limeegeshwa.

Wakuu, nimo ndani yake!

Nikampigia Dr. Neema. Kabla sijamaliza kueleza, alishasikia kilio. "Nimeelewa," akasema. "Mfikisheni kwanza."

Mama alifanyiwa upasuaji, akapata mtoto wa kike. Wote wazima. Gari halikuhama, na siku hizi dereva anaingiza safari mwenyewe akipata mtandao.

Kikao kilichofuata, Dr. Neema alimpigia mzee Bihemo, akaweka spika, akamwomba radhi mbele ya wale wale waliomwita mwizi. Maneno yalikuwa yameshamfikia.

Mzee akajibu, "Nashukuru, Daktari. Hata mke wangu alishaanza kuamini."



Nilichojifunza: system naiamini bado, ila inajua kile tu kilichopata njia ya kuifikia. Ukiona sehemu iko kimya, usikimbilie kusema ni salama. Nenda, au tuma mtu.

Hilo ndilo ninalowaza mpaka leo. Wakuu mnaoamua mambo kwa ripoti, huko kwenu nani hasikiki? Na mlimgunduaje? Karibuni tujadili.