Nilimwambia Mke wa Bibi Kwamba Amekataliwa

Admin, jina langu baki nalo mwenyewe. Mimi ni mama wa miaka 61, mjane, naishi Nyasho hapa Musoma, na haya ninayoandika yananitia kinyaa mimi mwenyewe.

Miaka ya themanini, wakati sabuni inapangiwa foleni, nilikuwa mhudumu kwenye makao ya wazee. Tulikuwa na bibi mmoja wa Butiama aliyepooza upande mmoja, aliyeletwa kwetu moja kwa moja kutoka hospitali. Hakujaliwa mtoto, kwa hiyo zamani alitoa ng'ombe akaoa mwanamke ili amzalie watoto wa ukoo na kumtunza uzeeni. Ndiyo nyumba ntobhu, watu wa Mara mnaijua. Si mambo ya kitandani, ni familia kamili kama nyingine.

Mkewe akaja kwa miguu, mtoto mgongoni. "Dada, mimi ni mke wake, alinioa kwa ng'ombe. Nyumbani mimi ndo nilikuwaga namwogesha." Msimamizi wetu, mama wa kanisani sana, akakunja uso kama amekanyaga kinyesi cha kuku. "Mke wa mwanamke? Uchafu huo hapa hauingii. Andika bibi hana ndugu." Nikaandika. Kipande cha sabuni alichomletea mgonjwa wake tulikipokea, tukagawana, tukafulia nguo zetu.

Kinachonichefua zaidi, mimi mwenyewe nimezaliwa nyumba ntobhu. Bibi aliyemuoa mama yangu ndiye aliyenisomesha. Nilinyamaza kwa aibu, wenzangu wasije wakajua.

Kila asubuhi bibi aliuliza, "Mke wangu hajafika tu?" Wahudumu wanaangua kicheko, na mimi nacheka kuliko wote.

Yule mke wa bibi alipokuja mara ya tatu, msimamizi alinituma getini nimalizane naye. Nikamwambia, "Bibi amesema hataki kukuona tena. Kasema wewe si mtu wake." Akaniuliza kama bibi alisema hivyo kwa kinywa chake. Nikajibu ndiyo. Akaondoka, hakurudi tena. Bibi alikufa wiki iliyofuata, bado anauliza, na kwa kuwa kitabu kilisema hana ndugu, tukamzika wenyewe.

Mwezi uliopita nimekutana na huyo mama msibani Butiama. Ni mzee sasa, hakunitambua. Wanawake walikuwa wanaongea habari za waume zao, naye akasema taratibu, "Mimi mama aliyenioa alinikataa. Mpaka leo najiulizaga nilimkosea nini." Tulikuwa mkeka mmoja. Nikainamisha kichwa, nikaendelea kuchambua mchele.

Mchungaji wangu kaniambia nitubu kwa Mungu yaishe, nisimtoneshe mzee wa watu kidonda. Hilo nalo limenichefua, maana niliyemdanganya pale getini si Mungu. Ila naogopa, ana presha, na watoto wake watataka kujua kaburi liko wapi, na mimi hata sikumbuki.

Jamani, nisaidieni mawazo. Niende nikamwambie huyu mama kwamba bibi alimuulizia kila asubuhi, au nimwache aingie kaburini akiamini alikataliwa?