Maji ya Kisima Ndani ya Betri

Daw Mya Nwe alikuwa mama mchapakazi, na mdomo wake haukulala. Mtaani kwao Yangon, umeme ukikatika, majirani walilalamika. Yeye aliwasha inveta, mtambo wa kutoa umeme kwenye betri, akarudi kumchokoza mumewe, U Sein Hlaing, mgonjwa wa mapafu aliyeishi kwa mashine ya oksijeni.

"Pumua vizuri, mzee, usiniaibishe mbele ya wageni."

"Wageni gani? Si umewafukuza wote kwa mdomo wako!"

Kisha betri ikaanza vituko. Ikipumzika, mita ilionyesha volti kumi na mbili na nusu. Mashine ikiwashwa tu, zinaporomoka hadi kumi na inveta inapiga kelele. Akamwita Ko Pyae, fundi wa mtaa. Kijana akakaza nyaya, akasugua kutu, akapima. Hola. Akafungua vifuniko vya betri, akachungulia.

"Shangazi, uliongeza maji gani humu?"

"Yale waliyoyasomea dua watawa."

Alijibu kwa fahari. Yalikuwa maji ya kisima cha monasteri. Asubuhi alimnywesha mumewe, akanyunyizia kitanda, na yaliyobaki akaitilia betri, maana nayo ilimpa mzee pumzi. Ni nani angemlaumu, jamani?

"Shangazi, betri inataka maji yaliyotoneshwa kwa mvuke, yasiyo na chumvi. Ya kisima yana chumvi, yameimaliza. Nikimbie nikakuletee nyingine."

Kitandani U Sein Hlaing alicheka mpaka akakohoa. "Hata betri umeiombea, mke wangu?"

Kabla Ko Pyae hajarudi, umeme ukakatika. Daw Mya Nwe akazima taa, akazima feni, akaiachia mashine chaji yote. Ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Akaiwasha tena, ikanyamaza. Akashika kipepeo cha mkono, akampepea, akimwita jina lake la ujana. Fundi alipopanda ngazi na betri mpya begani, alimkuta bado anapepea. Mzee alikuwa ameshakata roho.

Siku ya saba watawa walikuja kumwombea marehemu. Desturi ni mjane kumimina maji polepole, tone kwa tone, ili thawabu imfikie aliyekwenda. Dua ikasomwa. Daw Mya Nwe alishika birika, lakini hakuliinamisha.

"Mimina, mama," mtawa alimwambia kwa upole.

Akaliweka birika chini.

"Mtukufu, haya si ya kile kisima? Naogopa nitamuua tena."