Koti la Poland

"Huko naenda, koti ya kuvaa tu ni bei ya ng'ombe hapa Kivaa!"

Josphat aliyasema hayo mbele ya kanisa zima siku ya kumuaga, maikrofoni mkononi, suti ya kuazima ikimbana makwapani. Watu walicheka, wakapiga makofi. Mamake, Munyiva, alipiga vigelegele mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani. Kijana wa kwanza wa kijiji kwenda chuo kikuu Ulaya ana ruhusa ya kuwatukana ng'ombe.

Poland haikutukanika. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa kujifunza lugha yao tu, na Josphat, aliyekuwa akiwasahihishia wenzake Kiingereza tangu darasa la nne, aliona Kipolandi ni kitu cha kusoma wiki ya mtihani. Akaanguka. Akapewa nafasi ya pili, akaanguka tena, safari hii kwa alama chache kuliko za kwanza. Chuo kikamwondoa, na viza ikaondoka na chuo. Alitua Nairobi asubuhi, akafika Machakos mjini saa sita, na hapo miguu ikagoma. Kivaa haikuwa mbali. Ilikuwa mbali kwa mtu aliyewahi kushika ile maikrofoni.

Sasa ni mwezi wa nane tangu aanze kazi kwa kibanda cha Qaali, mama wa Kisomali anayeuza makoti ya mitumba sokoni. Kila Jumapili huvaa koti nene kutoka kwenye lundo, akasimama mbele ya ukuta mweupe wa choo cha soko, akajipiga picha ya kumtumia mamake. Halafu anamtumia na sauti, meno yakigongana kwa ustadi: "Mwaitu, mama yangu, huku ni baridi, hata mate yanaganda kabla yafike chini." Jasho likimtiririka mgongoni.

Aliigiza vizuri mno. Hilo ndilo lililomponza.

Jumatano moja alikuwa nyuma ya kibanda akifungua furushi jipya, aliposikia sauti anayoijua kuliko yake mwenyewe.

"Hamjambo hapa? Nataka koti. Nzito, ile ya kuzuia kifo."

Josphat akajibanza nyuma ya makoti yaliyotundikwa, akaacha kupumua.

"Karibu mama," Qaali akasema. "Ni ya mzee?"

"Mzee gani! Ni ya kijana wangu, ako Poland. Baridi inammaliza huko na anaona haya kuniambia hana koti. Lakini mimi nina macho. Kwa picha, kila wiki ako na koti ingine. Si hizo ni za kuomba watu? Binti ya Mwalimu Mutiso anasafiri kwenda huko Jumamosi, atambebea. Na hii muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, hata kama ni bakuli moja apike."

"Yeye ni saizi gani?"

"Mrefu, mabega ya babake. Huna kijana hapa nipimie?"

"Niko naye! Weh, Josphat! Kuja upimwe!"

Munyiva akacheka. "Aiya, hata jina ni ya wangu!"

Josphat aliangalia ukuta wa nyuma, akaupima kwa macho. Ulikuwa mrefu, na furushi lilikuwa limeziba njia. Qaali akaita mara ya pili. Akatoka.

Munyiva alikuwa amelishika koti wazi kwa mikono yote miwili, kama mtu anayemngoja mtoto wa nasari. Alimwona. Kicheko kilimbakia mdomoni kidogo, kama mgeni ambaye hajaambiwa sherehe imeisha.

Alimvalisha, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, akafunga vifungo vyote mpaka cha kooni, katika jua la saa saba. Kile cha mwisho kilimshinda mara mbili.

"Mwaitu," Josphat akasema.

"Imemtosha," Munyiva alimwambia Qaali, bila kumtazama mwanawe. "Mnauza aje?"

Qaali akataja bei ya juu, ile ya kungoja kuteremshwa, maana Mkamba hanunui hata kiberiti bila vita. Munyiva hakuteta. Alifungua leso, akalipa, akaweka mfuko wa muthokoi miguuni pa Josphat, akaondoka.

Lile koti la bei ya ng'ombe lilikuwa shilingi mia nne.