Tundu Nililoliziba Mama Akiwa Edani

Siku moja ya masika naikumbuka, mwanangu, na laiti ningeweza kuisahau. Baba tulikuwa tumemzika mwezi mmoja na ushei, na mama yangu, Bi Zainabu, alikuwa amekaa eda katika chumba cha ndani cha nyumba yetu ya Mtanda. Mimi nilikuwa kijana mwenye mshahara na kichwa kikubwa. Mvua haikatiki, nguo hazikauki, na uani tuna wapangaji wanaume. Nikaona si vizuri nguo za mjane zining'inie machoni pa watu. Nikanunua mashine ya kukaushia nguo, mtumba kutoka Dar, nikaiweka chumbani kwake.

Siku ya kuifunga tulimhamishia mama chumba cha pili ili fundi aingie. Fundi akatoboa ukuta, akapitisha bomba la kutolea mvuke, akaniambia, "Kaka, maji ya kwenye nguo hayapotei. Yanatokea hapa. Pasizibwe."

Tundu lile lilitokea upande wa baraza ya jirani, wanakocheza bao. Siku hiyo ninayokuambia nilikuwa natoka kazini, nikawaamkia wazee. Mzee Selemani, mwenye baraza, mtu wa mizaha tangu kuzaliwa kwake, akaitikia marahaba kisha akasema, "Ila bwana mdogo, kwenu leo panatoka harufu nzuri. Mjane wa mwezi mmoja, nyumba inanukia hivi? Au kuna posa?" Wakacheka wote.

Ilikuwa sabuni ya unga tu, mwanangu, ya dukani. Lakini unajua kwetu mwanamke aliye edani hajitii manukato, na mimi nikaona mama yangu ametukanwa mbele ya watu. Ningeweza kubadilisha sabuni. Ningeweza hata kucheka nao yakaisha. Sikufanya hayo. Niliingia ndani, nikalichomoa bomba, nikashindilia taulo kuukuu ndani ya tundu, nikaisukuma mashine ukutani. Mama akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia nazuia mbu.

Tangu hapo nguo zikawa zinatoka za moto lakini mbichi, na zina uvundo. Mimi nikaongeza muda. Zikitoka mbichi, nazirudisha tena. Asubuhi kioo cha dirisha kinatiririka maji, na nyuma ya kitanda ukuta ukaanza kuota ukungu mweusi. Dirisha lenyewe nilikwisha kulifunga, maana nalo lilitazama baraza ile ile. Mama alikuwa na pumu kidogo tangu usichana wake, akaanza kukohoa. Nikasema ni mvua.

Nilimwita fundi tena, lakini safari hii nilimkalisha sebuleni, nikamweleza ugonjwa wa mashine kwa mdomo. Akauliza, "Mvuke unatoka nje vizuri?" Nikamwambia unatoka. Basi nikamkokotea mashine hapo sebuleni, akabadilisha kifaa cha kupashia moto, ambacho hakikuwa na kosa lolote. Wenye kosa tulikuwa wawili, taulo na mimi. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba tundu, nikachimba kaburi.

Aliyenifumbua macho ni mama mkubwa, Bi Somoe, dada yake mama, alipokuja kutoka Nyangamara kumtazama mdogo wake. Hakukaa hata robo saa mle chumbani. Alipitisha kidole ukutani, akakinusa, akaivuta mashine mwenyewe, bibi wa miaka sabini, akaiona taulo.

"Nani kaziba hapa?"

Nikamweleza habari ya baraza. Alinitazama mpaka nikaangalia chini.

"Eda imemkataza mdogo wangu manukato na matembezi. Pumzi haijamkataza. Wewe umeogopa mdomo wa Selemani, ukampika mamako kwa mvuke! Na mgonjwa kwenda hospitali eda haimzuii. Inuka ukatafute gari, mjinga wewe."

Tulichelewa. Daktari alisema kifua kilikwisha kuzidiwa, unyevu na ukungu si vitu vya kulala navyo mwenye pumu. Nilimwuliza mama kwa nini hakusema. Akavuta pumzi mara mbili ndipo akapata ya kunijibu: "Ningesema, ungeona nimeikataa hisani yako."

Miezi minne na siku kumi hakuzifikisha. Mzee Selemani alibeba jeneza bega moja na mimi, analia kama mtoto. Mzaha wake alikwisha kuusahau siku ile ile alipousema, mwanangu. Mimi ndiye niliyeuweka moyoni, nikautafutia mtu wa kuulipia.

Leo Mtanda na Mitwero naona mashine hizi zimekuwa nyingi, nanyi vijana mnazifurahia. Zifurahieni. Lakini nguo ikitoka mbichi usikimbilie kuongeza muda. Zima mashine, toa nyuzi zilizojaa kwenye chujio, tazama bomba nyuma kama halijabonyea wala kuchomoka. Kisha iwashe, utoke nje uweke mkono tunduni. Usiposikia upepo wa moto, ujue mvuke unabaki ndani na waliomo. Ukimwita fundi mwambie kweli, hata kama kweli hiyo inakuaibisha. Na uliyempa zawadi mwulize anavyoishi nayo, uulize zaidi ya mara moja, kwa maana wazazi wetu hufa na stahi zao.

Watu wa barazani watasema. Waache waseme, usiku ukifika kila mtu analala kwake.

Mungu akupe mama wa kuishi hata akuchoshe kwa maneno, akupe na sikio la kumsikia anaponyamaza. Kwangu mimi naomba dua moja tu, nayo nakuomba uniitikie: mama yangu anisamehe.