Tanuri la Kakuma, Mchanga wa Longech

Mvua za mwaka huu zilituharibia samaki. Sisi wa Longech, hapa kwenye ulimi wa mchanga ulioingia Ziwa Turkana, humpasua ngege, kumtia chumvi na kumwanika juani. Jua likikosekana siku tatu, nzi wanatuwahi. Dada yangu Nakiru na wenzake watano walikuwa wamepeleka magunia mawili Kakuma, kwa mama Mkongo auzaye samaki katika kambi ya wakimbizi. Magunia yalirudi yakiwa na funza, pamoja na ujumbe kwamba yakija tena hivyo, hatanunua kwetu. Mnunuzi mwingine hatuna.

Huyo mama, tulisikia, anajua kukausha samaki kwa moshi. Ilibidi mtu aende akajifunze, na wote wakanitazama mimi. Niliacha shule darasa la tano. Tangu hapo nimechunga ngamia wa watu Lokiriama, nimevua Kerio, nimepakia malori Lodwar, na sehemu zote nilikaa hadi maswali yaliponiishia. Nakiru akasema, "Ekai, wewe huwa unarudi na hadithi tu. Hadithi hazikaushi samaki."

Jumatatu alfajiri nilivuka kwa mtumbwi hadi upande wa Kalokol na boksi la barafu lenye ngege wabichi, nikapata lori.

Lodwar tulifika jua likiwa limepanda. Dereva alipokwenda kula, nilichuchumaa kando ya wanawake waliokuwa wakisuka vikapu vya majani ya mkoma, nikawauliza rangi nyeusi inatoka wapi, inachemshwa muda gani, na kwa nini haichujuki. Mmoja akawaambia wenzake huyu anataka kuoa kikapu. Walipomaliza kucheka lori lilikuwa limeshawashwa, nikalikimbilia na boksi kichwani.

Kakuma niliingia alasiri, nikavuka mchanga wa mto Tarach ambao haukuwa na tone la maji. Sokoni kambini masikio yangu yalifurahi: Kiarabu cha Juba huku, Kisomali kule, na Kiswahili cha Kongo kilichoninyooshea kidole hadi kwa mnunuzi wetu, Mama Faida. Ni mnene, ana sauti ya chini, alizaliwa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika. Nilipomwambia ninatoka kwa wale wa funza, alinisogezea kiti.

Mlangoni kwake palikuwa na mama wa kwetu Mturkana aliyeleta kuni. Tulisalimiana, ejok, ejok, akaniuliza shida yangu. Nilipomweleza alitua mzigo wake.

"Mtu wa ziwa," akasema, "umekuja nchi kavu kufundishwa samaki?"

Mama Faida akamjibu kwamba hata tanuri lake la kwanza la moshi lilipasuka kwa joto la hapa, mpaka mama huyo huyo alipomwonyesha kuchanganya udongo na majivu na mavi ya ng'ombe.

Jumanne asubuhi tulianza. Tanuri lilinifika kifuani. Chini lina mdomo wa moto, juu trei tatu za waya, na juu kabisa gunia lililoloweshwa. Kuni zilikuwa za mathenge, ule mti wa miiba, zilizokauka na kubanduliwa magome, kwa sababu magome yake yanamtia samaki uchungu. Moto uwe mdogo, moshi uwe mwingi, gunia lisifunuliwe. Niliyasikia yote hayo. Lakini kila Mama Faida alipogeuka, nililiinua gunia kidogo nione rangi imefika wapi. Hewa ikaingia, moto ukapata nguvu. Jioni ngege wote wa trei zile tatu walikuwa makaa kwa nje na wabichi ndani.

Hakunigombeza. Alimvunja mmoja, akaniwekea mkononi.

"Ndugu, unaona hii? Miye siwezi toka kambini bila karatasi. Ukikosea kule kwenu, sitakuya kukutengenezea."

Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Nilifikiri nimekuja kutazama, kama nilivyotazama vikapu. Jumatano tulirudia kwa samaki waliobaki kwenye barafu. Niliketi nikiikalia mikono yangu, na yule mama wa kuni alipita mara mbili kuhakikisha. Jioni ngege walitoka rangi ya kahawia, wakavu hadi kwenye mfupa.

Ijumaa nilikuwa Longech, nikashindwa tena. Kwetu hakuna udongo, ni mchanga mtupu. Ule nilioubeba kutoka Kalokol ulitosha ukuta wa magotini, na upepo wa asubuhi ukaingia kwenye mdomo wa moto na kuuwasha kama tambi ya taa. Nakiru, ambaye hajawahi kuona tanuri la Kakuma, aliniuliza kazi ya ukuta ni nini. Nikasema ni kuzuia upepo na kutunza joto. Akachukua jembe. Alichimba shimo nyuma ya tuta la mchanga, akazamisha humo pipa kuukuu lililokatwa chini, akachimba mfereji wa moto upande usio na upepo. Juu tukaweka trei na gunia. Siku nzima sikumruhusu mtu yeyote achungulie.

Tulipeleka gunia moja. Siku nne hatukusikia neno, na wanawake wale sita walikuwa wakitazama upande wa Kalokol kuona kama gunia litarudi.

Siku ya tano Mama Faida alipiga simu. Samaki wameisha, tulete wengine. Sasa najua kwamba kwa watu unajifunza kazi ya kitu. Umbo lake utalitafuta kwenye mchanga wako mwenyewe. Lakini Mama Faida alikuwa bado na swali: shimo hilo alilosikia kwa aliyepeleka gunia tunalichimbaje, maana ukuta wa tanuri lake umeanza tena kupasuka?

Nilianza kumweleza. Nakiru akaninyang'anya simu, akaketi juu ya ukingo wa pipa, na kumwambia, "Dada, kwanza tafuta mahali upepo unapotoka."